Riviu: vipando vya vetiva na fundi wa kontua, shamba la nyanya kando ya mto huku Mlali

Nianze na jibu maana najua wengi mnachotaka ni bei na kama kitu kinafanya kazi. Kinafanya kazi, ila nusu ya yale waliyoniambia wakati wananiuzia sio kweli, na hiyo nusu ndio itakayokutoa hela kama hujui unanunua nini. Vipando vya vetiva (nyasi ya kuzuia udongo usibebwe na maji) navipa nyota nne, fundi aliyenipimia mistari ya kontua (yaani inayofuata usawa mmoja kukata mteremko) nampa tano na zingekuwepo sita ningempa, usafirishaji wa kitalu nilikonunua nyota moja na hiyo moja ni ya huruma. Kitalu chenyewe sikitaji jina, walikuja kurekebisha baadae (kwa kusukumwa sana), na naamini mengi ya haya yatakukuta hata ukinunua kwingine.

Shamba lenyewe sasa. Nalima nyanya na kabichi huku Mlali, wilaya ya Mvomero, kama heka moja na nusu ya kukodi, chini limegusana na mto na juu linapanda kidogo kidogo mpaka barabarani. Mnaopajua huku mnaelewa, maji yetu yanashuka toka milima ya Uluguru kwa kasi na yakishatupita yanaenda kuishia Bwawa la Mindu ambalo ndio watu wa Moro mjini wanakunywa, kwa hiyo udongo wa juu wa shamba langu pamoja na mbolea niliyoipangia foleni sasa hivi vimelala chini ya lile bwawa ni tope tu. Wazee wanasema zamani kando ya mto kulikuwa na mikuyu na matete, watu wanalima huku juu na mto wanauachia nafasi yake. Nyanya ndio ilibadilisha mambo. Ukiwa na mashine ya kuvuta maji unataka uwe karibu, kila hatua unayousogelea mto unaokoa mafuta na unaokoa mpira, basi watu wakasogea, wakasogea tena, mikuyu ikageuka mkaa, mpaka mstari wa mwisho wa nyanya ukawa unachungulia mtoni.

Halafu ikaja masika ya 2024, ile ya El Nino, mnaikumbuka wote.

Hapa naomba mnielewe vizuri maana riviu yote imesimama hapa. Ukingo wa mto unakufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni maji ya mvua yanayotoka juu shambani, yanajikusanya kwenye matuta yaliyochorwa kushuka na mteremko (matuta ya hivyo ni rahisi kumwagilia ndio maana kila mtu huku anayachora hivyo), yanatafuta pa kushukia, na pa kushukia mara nyingi ni kile kinjia kilichokatwa kwa ajili ya kushusha bomba la mashine. Panaanza kamfereji unakaruka, msimu unaofuata unashuka ndani na kupanda upande wa pili, msimu wa tatu ni korongo na mbuzi akiingia anaitiwa watu. Ya pili ni mto wenyewe, huo unapiga chini, unakula ule mchanga wa chini taratibu na huku juu unaona pako salama nyasi zimeota vizuri, halafu ukingo unakuja kuanguka siku maji yanapopungua. Narudia, yanapopungua. Udongo umelowa ni mzito, yale maji yaliyokuwa yanaubana kwa mbele hayapo tena, basi bonge zima linalala. Wengi huku ardhi imewaondoka jua linawaka, mafuriko yameshapita, mtu alishaanza kushukuru Mungu.

Sasa muuzaji kwenye maelezo yake hizo njia mbili kazifanya moja. Anasema vetiva inazuia mmomonyoko wa kingo za mito, mizizi mita nne, utalima mpaka mwisho wa shamba lako bila wasiwasi. Ya mizizi ni kweli kabisa. Hii nyasi asili yake ni India, kitaalamu Chrysopogon zizanioides, mizizi yake inakwenda chini moja kwa moja badala ya kusambaa pembeni na mahali ilipopapenda inafika mita tatu mpaka nne, ndio maana haigombani sana na mazao jirani. Haisambai ovyo pia, kwa sababu aina zinazopandwa kwa kazi hii hazizai kwa mbegu, ndio maana zinauzwa vipando. Mtu akikuuzia pakiti ya mbegu za vetiva kimbia, sijui utakuwa unapanda nini.

Bei. Mi nilinunua kipando shilingi 200, kuna wanaoshuka mpaka 150 ukichukua mzigo mkubwa na kuna wanaouza 500 kwa watu wa mjini wanaotaka kupendezesha geti. Kipando ni vichipukizi viwili vitatu vilivyoshikana, majani yamekatwa yamebaki kama sentimita 20, mizizi nayo imepunguzwa. Vinapandwa kwa kubanana, sentimita 10 mpaka 15 toka kimoja hadi kingine, kwa hiyo mita 100 za mstari zinakula vipando kama 700 mpaka 1,000, yaani laki na arobaini mpaka laki mbili kwa mstari mmoja kabla hujalipa usafiri na vibarua. Hapo ndipo ujanja unapoanzia, mtu anapanda futi moja moja ili vienee, na mstari wa hivyo bora hizo hela ungenunua kuku mkala nyumbani, kwa sababu nyasi hii kazi yake ni kuwa ukuta usio na tundu, maji yakiona uwazi yote yanakimbilia pale pale na yanatoka na nguvu kuliko yalivyoingia. Kama hela inabana nunua vichache, viweke kwenye kitalu chako mahali penye jua na maji, baada ya msimu shina moja ukilipasua unapata vipando vya kutosha na hutamtafuta tena mtu. Hiyo siri wauzaji hawaisemi na siwalaumu, ni biashara.

Usafirishaji ndio uliniua. Mzigo ulipakiwa kwenye viroba vya nailoni vilivyofungwa mdomo, ukarushwa kwenye buti la basi, ukalala stendi, mimi napiga simu naambiwa "mzigo upo njiani dada usijali". Nilipofungua kiroba cha kwanza joto lilinipiga usoni, vipando vya katikati vimeshaanza kuoza majani na vya pembeni mizizi imekauka inakatika ukiigusa. Vipando hivi vinavumilia sana lakini mizizi inatakiwa ifike imelowa, imefungwa kwenye gunia la katani lililolowekwa au majani ya mgomba, na vikifika unaichovya kwenye uji wa tope na samadi kabla ya kupanda. Karibu theluthi ya mzigo ilikufa. Nilituma picha, nikanyamaziwa, nikatuma tena, mwisho wakanifidia kama nusu ya vilivyokufa na maneno mengi juu.

Halafu kuna kituko. Fundi wangu alichukua kipando kutoka kiroba cha tatu, akavunja jani, akalinusa, akacheka peke yake. "Mama, hii ni mchaichai." Kweli bwana, ukikata majani yakawa mafupi mchaichai na vetiva ni ndugu kabisa kwa macho, ila jani la mchaichai ukilifikicha harufu yake unaijua, jani la vetiva halina harufu ya maana, harufu yake ipo kwenye mizizi ndio wanakotoa mafuta ya manukato. Tukakaa chini tunanusa jani moja moja mpaka jua limepanda. Mchaichai nao unashika udongo kidogo sio kwamba haufai kabisa, lakini mizizi ni ya juu juu na mimi sikutoa laki kadhaa kununua majani ya chai. Tulivipanda nyuma ya jiko, mume wangu anafurahia mpaka leo. Kwa hiyo kabla hujalipa hela iliyobaki, nusa.

Sasa fundi. Huyu ni kijana wa huku huku, alifundishwa na mradi mmoja uliopita miaka ya nyuma na mradi ulipoondoka yeye akabaki na ujuzi, analipwa 30,000 kwa siku na chakula cha mchana. Vifaa vyake ni miti mitatu kaifunga umbo la A, kamba imening'inia katikati ina jiwe. Basi. Hiyo fremu anaitembeza shambani mguu mmoja unapokezana na mwingine, kamba ikigusa alama ya katikati anajua miguu yote miwili ipo usawa mmoja, anachomeka kigingi, anasogea. Mimi nilishajichorea kichwani mistari yangu imenyooka sambamba na mto. Akaniambia, "Mama hili shamba linakudanganya, wewe unaona linaelekea mtoni, maji yanaona linaelekea kule kwenye mwembe wa jirani." Alipomaliza vigingi vimepinda huku na kule, majirani wanapita wanauliza huyo kijana alikunywa nini asubuhi. Mvua ya kwanza kubwa ya vuli ilipopiga nilisimama na mwavuli nikaangalia, maji yalikuja mpaka kwenye mstari yakasimama, yakatandaa upande kwa upande bila kukimbia, kisha yakaanza kupenya taratibu yametulia. Vipando vyenyewe vilikuwa bado vidogo! Nadhani kilichofanya kazi siku ile ilikuwa ni ile kontua zaidi kuliko nyasi, ndio maana nasema ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, lipa mtu anayejua kupima, nyasi utaombaomba hata kwa watu.

Jambo lingine alilolisisitiza ni kwamba mstari lazima uwe na mwisho unaoeleweka. Maji yakizidi yanatakiwa yatokee mahali penye nyasi za kudumu au mawe, sio yaishie hewani. Kile kinjia cha bomba la mashine alikifunga kabisa, akaweka vizuizi vya miti na mawe kila baada ya hatua kadhaa na vetiva nyuma ya kila kizuizi, na bomba tukalihamishia upande wenye mwamba. Mpira umeongezeka urefu na mafuta yanakwenda zaidi, hiyo ni gharama ambayo hakuna muuzaji atakutajia.

Na kuna sehemu aligoma. Chini kabisa kwenye kona, pale mto unapogeuka unakuja kugonga upande wetu, ukingo kimo cha mtu na kuzidi, umekatika wima. "Hapa usinilipe mama. Hapa mto unakula chini, hizi nyasi tutazipanda juu ya kitu kinachoondoka." Sasa kitalu wao kwenye kifurushi walichoniuzia kona ilikuwa ndani na ilishalipiwa, wakatuma vijana wao wakapanda mistari miwili mizuri kabisa pale juu ya ukingo, wakapiga picha, wakaondoka.

Masika ya 2025 ikaja ikaamua ugomvi. Mistari ya fundi yote mitatu ipo. Nyuma ya mstari wa juu, ule wa karibu na barabara, udongo umejaza karibu shubiri nzima, udongo mzuri mweusi ambao mwaka juzi ungekuwa Mindu, na ukisimama pembeni unaona kabisa shamba linaanza kujitengeneza ngazi lenyewe bila mtu kuchimba. Kile kinjia hakijaongezeka hata kidogo, kimeanza kujaa. Kona sasa, wiki moja hivi baada ya maji kushuka, ukingo ukalala na mistari ya kitalu ikaenda nayo nusu. Nilishuka kuangalia. Mashina yaliyobaki yamening'inia juu ya ukingo, majani bado ya kijani kabisa hayana habari, na mizizi imetoka nje hewani kama ndevu za mzee, mirefu mpaka kiunoni kwangu, myembamba imenyooka, ukiishika inanukia na haikatiki kirahisi. Yaani muuzaji hakudanganya kuhusu mizizi hata kidogo! Imeshika udongo wote ilioufikia. Shida mto ulichimba chini ya pale mizizi ilipoishia, na baada ya miezi michache tu tangu kupandwa mizizi ingefikaje kule chini.

Kwa kona kama ile dawa ni nyingine na sio ya 200 kwa kipande. Kwanza ukingo uliosimama wima unakatwa ulaliane, halafu mguuni pale maji yanapogonga panawekwa mawe au gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe), juu ya hapo ndio matete au mianzi, na juu kabisa ndio vetiva ikamilishe. Gabioni niliulizia nikarudisha simu mfukoni. Na hata ukiwa na hela, kuna wenzetu kule chini wanachota mchanga na Fuso kila siku, mto ukichimbwa chini sakafu yake inashuka, na sakafu ikishuka kingo za juu zote zinabaki hazina pa kuegemea, sasa mimi nijenge ukuta wa mawe juu ya shimo la mtu mwingine? Alafu kuna jamaa wa ng'ambo, kila mto unapokula kwangu yeye kwake unaacha mchanga, mwaka huu kalima matikiti sehemu ambayo nina uhakika mimi niliwahi kupanda kabichi. Ananisalimia vizuri sana siku hizi.

Wengi watasema panda miti basi. Ningependa. Ila ardhi ya huku ni ya koo, na mpangaji ukipanda mti wa kudumu inaonekana unaweka mguu, kesho utasema ni pako. Nilienda kwa mzee mwenye shamba na sukari na maneno mazuri.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia unataka kupanda miti kwangu."

"Sio miti babu, nyasi tu, za kuzuia udongo usiende mtoni."

Akauliza zinakaa miaka mingapi, nikamwambia akizichoka anang'oa, akafikiria, akasema nyasi panda, mti hapana, na mianzi nayo hapana maana mianzi ikishakaa haitoki. Ndio jibu la kwa nini mimi nipo na vetiva wakati kitaalamu pale chini panastahili mkuyu. Alafu akaniuliza kwa mashaka kabisa, "Hamtachimba matuta ya Mwingereza?" Kama hamjui hii habari, miaka ya 50 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuokoa udongo wa Uluguru, watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye milima hii hii. Udongo wa huku sehemu nyingi ni mwembamba, ukichimba ngazi unafukia ule mzuri na kuleta juu ule uliokufa, mazao yakawa mabaya na kazi ya suluba, mwaka 1955 kule Matombo watu wakachoka pakawa na vurugu kubwa na mtu akauawa, mpango ukafa. Kwa hiyo bwana shamba akija leo na neno makinga maji kuna wazee wanaokumbuka baba zao waliyatolea jasho. Nilimwambia babu hatuchimbi chochote, tunapanda mstari tu na udongo unajikusanya wenyewe kwa wakati wake. Hapo ndipo alipoachia. Mi naona hii ndio sifa kubwa ya vetiva kwa Uluguru kuliko hata hayo mambo ya mita nne, na sijaona muuzaji hata mmoja anayeitumia kujitangazia.

Kuhusu ile ahadi ya "utalima mpaka mwisho wa shamba", msiikubali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 toka mtoni, na nyasi za mtu hazikupi kibali. Watu wa bonde (ofisi ya serikali inayosimamia maji ya mto) wakija na bikoni zao za mpaka hawaulizi umepanda nini. Sasa ukweli wa maisha, shamba langu toka mtoni mpaka barabarani ni kama mita 90, ukitoa 60 nabaki na bustani ya mchicha na kodi nalipa ile ile, na hapa karibu wote tupo hivyo. Nilichofanya ni kuacha kabisa kulima kipande cha chini, matete yameanza kurudi yenyewe, na hapo katikati nimeacha matuta ya kulimwa kila msimu nikaweka migomba na majani ya ng'ombe, jembe linapita mara chache. Mavuno ya nyanya yamepungua matenga kadhaa, siwafichi. Ila ile sehemu iliyobaki inahitaji maji kidogo kuliko zamani, na majani ya vetiva nikiyakata natandaza chini ya nyanya, matone ya mvua hayarushi tope kwenye majani na magonjwa yamepungua kidogo, angalau kwa macho yangu.

Mambo madogo madogo ambayo hayapo kwenye tangazo. Vetiva haipendi kivuli kabisa hasa ikiwa changa, pale chini ya mwembe wa jirani imedumaa na nimepajaza nyasi nyingine, kwa hiyo kama kando ya mto kwako bado una miti mikubwa shukuru Mungu na hela yako weka mfukoni. Ikiwa changa mbuzi wanaila, ikikomaa wanaikimbia, msimu wa kwanza utagombana na wachungaji jiandae. Unatakiwa upalilie miezi ya mwanzo na uikate ibaki kama futi moja na nusu ili itoe machipukizi na kuziba, usipokata inarefuka inalala na mstari unabaki na matundu. Moto ukipita inaota tena, maji yakiifunika siku kadhaa haifi, hilo nimeliona mwenyewe. Nyoka, kila mtu ananiuliza nyoka, sijaona.

Na kama una ng'ombe wa maziwa na mteremko wako sio mkali, mi ningekwambia fikiria nyasi za malisho kama mabingobingo au Guatemala kwanza, unakata unalisha unauza maziwa, vetiva yenyewe haikupi hata mia. Ubaya wa mabingobingo yanakula chakula cha mazao na mistari miwili ya nyanya jirani yake utaisahau. Fanya juu ya wenzetu wa Machakos kule Kenya (unachimba mtaro udongo unaurushia upande wa juu unakuwa tuta) na yenyewe nzuri sana kwa maeneo makavu yenye udongo wa kina, ila usije kuchimba mtaro wa kukusanyia maji karibu na ukingo wa mto, yale maji yatazama yataulowesha ukingo na kuufanya mzito, utakuwa umemsaidia mto kazi.

Kwa hiyo nani anunue: mwenye shamba la mteremko ambalo maji ya mvua ndio adui, mpangaji asiyeruhusiwa miti, mwenye kinjia cha mashine kilichoanza kuchimbika. Nunua kabla ya vuli ili vishike vizuri masika isivikute vichanga, dai vije kwenye gunia lililolowa na vije asubuhi, lipa nusu, nusa majani, ndio umalizie. Asinunue: mwenye kona ya kugongwa na mto kama yangu akidhani ataokoka kwa laki mbili.

Mimi msimu huu naongeza mstari mmoja katikati kwa vipando vyangu mwenyewe vya kitaluni, fundi nimeshamwekea oda maana siku hizi anagombaniwa. Kona naiacha kwanza. Tumeitisha kikao na serikali ya kijiji kuhusu wale wa Fuso za mchanga, na jamaa wa matikiti nimemwambia aje, amesema atakuja.